Ni nani alimkamata?

Hotuba mbele ya vijana wa mitaa ya Goma, mwezi wa 11, mwaka 2024



Najua wengine mmetembea kwa miguu toka Ndosho na Mugunga juu makuta ya moto haikupatikana. Sitawakawisha sana.

Niliombwa kusema juu ya polisi na korti. Ningeweza kuanza na sheria, maana njo nilisoma, na diploma yangu iko kwenye ukuta kwa mama, ndani ya kioo, inangojea kazi kama miye. Lakini nitaanza na swali moja. Niliulizwa na mama mmoja, na kwa masomo yangu yote nilishindwa kumjibu.

Tulikuwa tumefanya maandamano juu ya maji. Mnajua kisa hicho: mji uko kando ya Ziwa Kivu, na watoto wanabeba bidoni toka saa kumi ya usiku. Barua ya kujulisha wakubwa tulikuwa tumeandika, kopi yenye kachet ilikuwa mfukoni mwangu. Hatukufika hata kwenye rompuan. Gesi ya kutoa machozi, mbio, kisha mkono mmoja ukanishika kola. "Panda! Utaeleza mbele ya safari." Nikapanda jip.

Ndani ya jip tulikuwa watu 9. Wanne kati yetu hawakuwa hata kwenye maandamano. Mmoja alikuwa kijana mdogo wa kuuzisha uniti. Meza yake na mwavuli wake vilibaki barabarani, na njia nzima alikuwa anauliza: "Nani atalinda meza yangu?" Hakuna aliyemjibu.

Walitupeleka kwenye kituo kimoja cha hapa mjini. Kasho bila dirisha, ndoo moja kwa watu zaidi ya 20. Siku ya tatu mama yangu na wajomba walikuwa wamekusanya makuta. Wakampa mtu, mtu akampa mwingine, mlango ukafunguliwa. Nilitoka bila karatasi, bila risiti, bila namba ya faili. Kama mngeenda leo kutafuta jina langu kwenye rejista, sijui kama mngeniona. Kwa serikali, zile siku 3 hazikuwahi kuwapo.

Yule kijana wa uniti alibaki. Mama yake hakuwa na kitu cha kutoa. Alipozunguka wiki nzima, watu walimuelekeza kwetu. Aliketi kwenye benchi ya mlangoni, hakutaka hata chai. Akaniuliza: "Mwanangu, weye ulikuwa naye. Ni nani alimkamata mtoto wangu?"

Kwenye kituo walikuwa wamemuambia kwamba kijana alikamatwa na watu wa zamu nyingine. Kwenye parke walimuambia alete jina la OPJ. Kila mlango ulikuwa unamuomba jina. Na miye, mwenye niliketi mbele ya yule polisi dakika 20 ndani ya jip, goti kwa goti, nilikuwa najua kitu kimoja tu: kiatu chake kimoja kilikuwa na kamba nyekundu. Sikutazama kifua chake kama kuna jina. Sikutazama namba ya jip. Nilisoma sheria miaka mitano, na nilimpa yule mama kamba ya kiatu.

Mtoto alipelekwa Munzenze. Alikaa miezi 4. Alitoka siku moja mchana, kwa sababu mwendesha mashtaka alifungua faili na hakukuta kitu: hakuna mtu aliyemshtaki, hakuna kitu alichoshikwa nacho, hakuna shahidi. Faili ikafungwa. Hakuna aliyesema pole.

Sasa sikieni sehemu yenye ilinifanya niombe kusimama hapa leo. Baada ya muda nilimuona yule polisi tena, mtaa mwingine, anamuinua kijana mwingine kwa kola, maneno yaleyale: "Utaeleza mbele ya safari." Nilisimama pale nikiwa na hasira. Halafu nikaelewa kitu. Kwake yeye, siku ya maandamano yetu ilikuwa kazi iliyoisha vizuri. Alikamata watu 9, akarudisha jip, akalala. Hakuna mtu hata mmoja aliyemuita kumuambia: wale 9 wako, wote walitoka bila kuonekana na kosa. Kukamata kuna jina lake kama sifa. Mwisho wa kesi hauna jina lake kabisa.

Wakamarade, njo jambo langu moja la leo. Tunapaswa kufunga kamba kati ya vitu viwili vyenye inchi hii inavitenga: jina la mwenye kukamata, na mwisho wa kesi.

Tuangalie namna jina linapotea. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema hakuna mtu wa kukamatwa au kufungwa nje ya sheria. Kifungu cha 18 kinasema mwenye kukamatwa anapaswa kuambiwa palepale sababu, kwa luga yenye anaelewa. Kwamba ana haki ya kujulisha jamaa na avoka wake. Na kwamba polisi hawezi kumuweka zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Haya wengi wenu mnajua, tunayasema kila siku.

Chenye hatusemi ni safari ya karatasi. Polisi wa barabarani anakukamata. Anakuacha mikononi mwa OPJ. OPJ anakuuliza maswali na anaandika PV. Toka hapo unaenda parke, faili inapewa namba, ile yenye inaanza na RMP. Mwendesha mashtaka akikuweka ndani, anaandika hati ya siku 5. Kisha hakimu anaweza kukupa siku 15, na nyuma yake mwezi, na mwezi mwingine. Kama kesi inafika kwenye tribinali, inapewa namba nyingine, RP. Mwishoni hakimu anasoma hukumu.

Hesabuni mikono: wa barabarani, wa PV, wa parke, wa kuongeza siku, wa kuhukumu. Yule wa kwanza, aliyeshika kola, mara nyingi hayupo kwenye karatasi. PV itasema tu "alikamatwa na watumishi wa usalama." Watumishi gani? Hakuna. Siku ya hukumu, hata hakimu akisema "mtu huyu hana kosa", neno lile haliwezi kurudi nyuma mpaka kwa mtu wa kwanza, kwa sababu njia imekatwa.

Lakini kuna jina moja ambalo haliwezi kukosa: la OPJ. Chini ya PV anaweka jina, anaweka saini, na anaapa kwamba yaliyomo ni ya kweli. Ni kiapo, wandugu. Sasa kama korti inakuta kwamba yaliyoandikwa hayakutokea, kile kiapo kinaenda wapi? Nimekaa kwenye benchi ya nyuma ya korti asubuhi nyingi, maana mtu asiye na kazi ana wakati, na wakati njo mali yangu pekee. Nimesikia watu wakiachiliwa juu PV ilikuwa bure. Sijasikia hata mara moja mtu akiuliza: "Huyu OPJ, hii ni PV yake ya ngapi kuanguka?"

Na tusisahau kwamba kesi nyingi hazifiki kwa hakimu. Ziko njia tano za kutoka. Ya kwanza ni makuta, kama miye. Sheria inajua amande ya kumaliza kosa dogo, lakini amande ina risiti, na pesa inaingia kwa serikali. Bila risiti ile si amande, ni bei ya mlango. Ya pili, faili kufungwa, kama kijana wa uniti. Ya tatu, kutoka kwa muda huku kesi inakufa polepole. Ya nne, korti kusema huna kosa. Ya tano, kuhukumiwa. Kwa nne za kwanza, kunapaswa kuwa na mtu wa kuulizwa: ulimkamata juu ya nini?

Tuchukue mifano yenye kila mtu hapa anajua. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Februari 2016, hapa Goma, vijana sita wa LUCHA walikamatwa ndani ya nyumba wakitengeneza mabango ya siku ya mji mfu. Tarehe 24 Februari walihukumiwa miaka 2. Tarehe 4 Machi, kwenye rufaa, ikawa miezi 6. Walitoka mwezi wa 7. Mmoja wao, Rebecca Kavugho, mwaka uliofuata alipewa tuzo ya wanawake mashujaa Marekani. Majina ya sita yale tunayajua. Siku zao za jela tunazijua. Ni nani aliingia mlango ule usiku? Ni nani aliandika PV ya kwanza? Nimeuliza watu wengi wenye kukumbuka mambo. Kila mmoja ananiambia: "Ni polisi." Polisi si jina la mtu.

Beni, tarehe 19 Desemba 2020, vijana 8 walikamatwa kwenye maandamano ya amani. Walipelekwa korti ya jeshi kwa makosa mazito yenye yangewapa miaka mingi ya jela. Tarehe 20 Januari 2021 korti ikasema hawana kosa, wote 8. Tulifurahi, tuliimba. Lakini mwezi mmoja wa Noeli na mwaka mpya ndani ya gereza, nani alilipa? Ushindi ule ulikuwa mzuri kwetu, na kwa waliokamata haukuwa kitu. Mwaka uleule, mwezi wa 11 wa 2021, Beni tena, vijana wengine wakakamatwa, na tarehe 1 Aprili 2022 wakapewa miezi 12. Kama hukumu ya Januari ingekuwa imerudi kwa waliokamata, na kuandikwa mbele ya majina yao, je, Novemba ingekuwa vilevile? Sijui. Lakini najua kwamba hakuna aliyejaribu.

Sasa tazameni upande wa pili, pale jina lilijulikana. Beni hukohuko, Mei 2020, kijana wa LUCHA mwenye miaka 20 alipigwa risasi na polisi kwenye maandamano, akafa. Mwaka uleule polisi aliyefyatua alifikishwa korti ya jeshi na kupewa kifungo cha maisha. Kwa nini mbio namna ile, katika inchi yenye kesi zinaoza? Kwa sababu kulikuwa mtu. Haikuwa "vikosi", haikuwa "watumishi". Kulikuwa mtu mmoja, bunduki moja, na watu waliosimama kusema: ni huyu.

Na hapa Goma, tarehe 30 Agosti 2023. Hakuna mtu wa kuniuliza siku ile ilikuwa nini. Zaidi ya watu 50 waliuawa asubuhi moja. Walikuwa wanajeshi, si polisi, lakini somo ni moja. Tarehe 2 Oktoba 2023 korti ya jeshi ilimhukumu Kanali Mike Mikombe wa walinzi wa rais adhabu ya kufa, wengine watatu walipata miaka 10, na wawili waliachiliwa. Miye sisherehekei adhabu ya kufa, na tangu Machi 2024 serikali ilipofungua tena mlango wa kuua kwa sheria nina wasiwasi zaidi. Nasema tu: sare haikutosha kumficha. Kulikuwa majina, na majina yalijibu mbele ya watu.

Lakini jina la chini tu halitoshi. Kumbukeni Floribert Chebeya. Juni 2010 aliitwa kwenye ofisi ya mkuu wa polisi Kinshasa, na kesho yake akakutwa amekufa ndani ya gari lake. Dereva wake, Fidèle Bazana, mwili wake haukuonekana. Mwaka 2011 polisi kadhaa walihukumiwa, mwaka 2015 rufaa ikamuachia kosa Daniel Mukalay peke yake, miaka 15. Ilibidi kungoja mpaka 2022, miaka 12, ili Christian Ngoy Kenga Kenga ahukumiwe naye, baada ya mapolisi wenyewe kuanza kusema walichokiona. Jenerali John Numbi, mwenye ofisi ile ilikuwa yake, hakuwahi kuketi mbele ya hakimu kujibu juu ya kifo kile. Njo maana nasema: tunaanza na mkono ulioshika kola, lakini hatuishii pale. Mkono una bega, bega lina kichwa. Bila mkono, hatuwezi kufuata mpaka kwa kichwa.

Wengine wameishafanya kazi hii, mbali na karibu.

Mbali, ni Chicago, Marekani. Kulikuwa polisi moja, sajini Ronald Watts. Katika nyumba za maskini alikuwa anadai hongo, na mwenye kukataa anawekewa dawa za kulevya mfukoni. Mwaka 2006 mtu mmoja, Ben Baker, alisema mbele ya hakimu kwamba Watts alimtungia kosa juu alikataa kumlipa. Hakimu hakumuamini. Na kweli, ukiwa peke yako, nani atakuamini mbele ya sajini? Watts alikamatwa baadaye na kufungwa miezi 22 juu ya wizi. Halafu maavoka wakafanya kitu rahisi: waliacha kuangalia kesi moja moja, wakazipanga chini ya jina la polisi aliyekamata. Kesi ambazo zilikuwa zimetawanyika zikaonekana ni kisa kimoja. Baker alisafishwa mwaka 2016, na leo zaidi ya hukumu 200 zilizotoka mikononi mwa Watts na watu wake zimefutwa. Ushahidi mwingi ulikuwako toka zamani. Kilichokosa ni kupanga.

Karibu, ni Kenya, na hapa naomba tusikilize kwa uzito. Aprili 2015, polisi aliyeitwa Fredrick Leliman alimpiga risasi Josephat Mwenda, kijana wa bodaboda, kisha Mwenda yeye mwenyewe akafunguliwa mashtaka. Mwenda hakunyamaza. Alitaja jina la Leliman mbele ya mamlaka yenye kuchunguza polisi, akisaidiwa na avoka Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka kortini Mavoko pamoja na dereva wao, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Miili yao ilitolewa mtoni. Julai 2022 korti kuu ilimkuta Leliman na kosa la mauaji, na Februari 2023 akahukumiwa kufa.

Nawaambia kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza: kutaja jina kuna bei, na asiyewaambia hivyo anawadanganya. Ya pili: Leliman alipatikana kwa sababu jina lake lilikuwa limeishaandikwa. Malalamiko ya Mwenda yalikuwa kwenye faili. Wachunguzi hawakuwa na haja ya kuuliza nani alikuwa na ugomvi na wale watatu. Karatasi iliishi kuliko walioiandika.

Kwa hiyo, tufanye nini?

Kaye moja na biki moja. Kila mtaa, mtu mmoja au wawili wenye kuaminika. Mtu akikamatwa, mnaandika: tarehe, saa na fasi. Jina la polisi kama linaonekana, au matrikule. Kama havionekani, cheo, kikosi na namba ya jip. Sababu aliyosema, kwa maneno yake mwenyewe. Kituo alichopelekwa. Jina la OPJ wa PV. Namba ya RMP. Namba ya RP, kama imefika tribinali. Na mstari wa mwisho, wenye ni wa maana kuliko yote: iliishaje? Na kama makuta yalitoka, ni ngapi, na kulikuwa risiti au hapana.

Mstari ule wa mwisho unaweza kungoja miezi. Usiuache wazi. Sisi vijana tunajua kupiga kelele siku ya kukamatwa. Siku ya kuachiliwa tunaenda kunywa soda, na faili tunaisahau. Kazi hii ni ya kurudi. Kwenda kwa grefie kuuliza. Kwenda tena kesho kama grefie hayupo.

Na kuna masharti. Nayasema polepole kwa sababu bila hayo, kaye hii itakuwa kitu kibaya.

Kwanza, hakuna jina kwenda Facebook, hakuna jina kwenda kwenye vikundi vya WhatsApp. Tarehe 30 Agosti 2023, kabla ya damu ile yote, polisi moja naye aliuawa na kundi la watu kwa mawe. Mji huu unajua mawe na matairi. Sitaki kaye yetu iwe orodha ya watu wa kupigwa. Inawekwa kwa maavoka, na inatumika mbele ya sheria: auditora ya jeshi, maana katiba kifungu cha 156 inawapeleka polisi mbele ya korti za jeshi, inspeksio ya polisi, na wale wenye kupigania haki za binadamu.

Pili, ulichoona, andika umeona. Ulichoambiwa, andika umeambiwa. Miye ningeandika: kamba nyekundu, sikuona jina. Ni kidogo, lakini ni kweli. Ukibuni jina moja, umeua kaye nzima.

Tatu, tusifanye hesabu ya haraka. Mtu anaweza kukamatwa kwa sababu ya haki, na korti ikamuachilia kwa sababu ya haki. Kesi moja kuanguka haisemi polisi ni mwongo. Lakini kesi 10 za mtu mmoja, zote zimefungwa bila kitu, zote zilipita kwenye bei ya mlango: hapo si bahati mbaya tena, na mkubwa wake hawezi kusema hakujua.

Nne, tuandike hata mazuri. Kuna OPJ mwenye aliangalia saa, akaona 48 zimefika, akafungua mlango bila kuomba hata franka moja. Andika jina lake. Kifungu cha 28 kinasema hakuna mtu wa kulazimishwa kutii amri yenye ni wazi inavunja sheria. Polisi wetu wengi wanalala kwenye nyumba za mbao kama sisi, mshahara unachelewa, watoto wanafukuzwa shule. Yule mwenye kukataa amri mbaya anapoteza mengi. Asiwe peke yake.

Nasikia neno lenye mtaniambia, kwa sababu nimeishaambiwa nyumbani: vita iko mlangoni, watu wamejaa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, bomu zilianguka kwenye kambi, na weye unasumbuka na jina la polisi? Ndiyo, nasumbuka, na vita njo sababu. Tangu utawala wa kijeshi ulipoanza Mei 2021, raia wengi wamepelekwa mbele ya korti za jeshi. Leo neno moja, "huyu ni wa adui", linatosha kumuweka mtu ndani, na Munzenze ilijengwa kwa watu kama 350 lakini imebeba maelfu. Wakati wa amani, kukamatwa bure ni makosa. Wakati wa vita, unaweza kupotea kabisa. Na mtu akipotea, kitu cha kwanza cha kumtafuta ni lile swali la mama.

Sitaki niwadanganye kwamba kaye italeta maji, au italeta kazi, au itasimamisha risasi. Nimemaliza masomo, nimepeleka barua za kuomba kazi mpaka pesa ya fotokopi iliisha, na bado niko hapa. Lakini kazi hii haiombi uzoefu wa miaka 5. Haiombi kujua mtu. Inaomba macho, biki, na uvumilivu wa kurudi.

Yule kijana wa uniti amerudi barabarani. Meza ni nyingine, ile ya kwanza haikuonekana tena. Wiki iliyopita nilinunua kwake uniti za franka 500. Hakunitambua. Nilitaka kumuambia kitu, nikakosa neno. Mama yake bado sijamjibu.

Lakini kila mmoja wenu hapa ana mtu. Kaka, dada, jirani, mwenzake wa darasa. Leo ukirudi nyumbani, kaa naye. Muulize: siku ile, ilikuwa tarehe ngapi? Ulipelekwa wapi? Iliishaje? Na ni nani alikukamata? Andika. Jumamosi tulete makaye hapa, maavoka wako tayari kutusaidia kupanga.

Ili siku mama mwingine akija kuketi kwenye benchi ya mlangoni, tusimpe kamba ya kiatu.